Mwarimu Anarara

Habari hii nilipewa na mjukuu wangu Waithera, Disemba iliyopita, tukiwa hapa nyumbani Endebess tukipukucha mahindi. Kazi yake ni kukagua shule za serikali huko Bungoma. Zamani mtu kama huyo tulimwita inspekta, na mwalimu wetu akisikia inspekta yuko njiani alikuwa anatuambia tuoge mpaka nyuma ya masikio. Waithera hapendi hilo jina.

"Shosho, siku hizi hatuendi kushika watu," huwa ananiambia. "Tunaenda kuona shule inaumwa wapi, halafu tunaitafutia dawa."

Nikamwambia, basi wewe ni daktari wa kuta. Akacheka, lakini hakucheka sana, na nikaona mkono wake umeacha kupukucha. Gunzi likabaki pale kwa kiganja. Ndipo akanieleza.

Ilikuwa shule ndogo ya msingi upande wa Tongaren. Jina lake aliniambia, lakini naliacha, kwa sababu wale watoto bado wako.

Shule hiyo ilikuwa imeanguka mpaka hakuna pa kuangukia tena. Ugonjwa wake ulikuwa kwa darasa la tatu, lile siku hizi wanaita gredi ya tatu. Watoto wake wakipimwa kusoma, hakuna hata mmoja anayesikika. Sikiza vizuri, si kwamba walikuwa wanasoma vibaya. Hawasikiki. Mwalimu akiletwa anakaa muhula mmoja, anaomba uhamisho. Akiulizwa sababu, anasema ni maji, ni nyumba, ni baridi ya huku. Wazazi nao wakaanza kutoa watoto. Huko sokoni watu walisema wazi kile walimu walikuwa wanaficha: ati ile darasa iko na kitu. Ukipita mchana unasikia wanong'onao, na ukichungulia hakuna anayeongea.

Mkubwa wa ofisi ya Waithera alikuwa amechoka na hiyo habari. Akawaambia, nendeni mara ya mwisho. Watoto wakisoma, hata kama ni vibaya, tutawapelekea mwalimu na vitabu, tuwashike mkono. Wakinyamaza tena, tunaifunga, watoto waende ile shule ya ng'ambo ya mto. Kila mtu alijua huo mto. Mvua ikinyesha daraja la miti linakwenda, na mzazi mwenye akili hawezi kumtuma mtoto wa miaka minane avuke. Kwa hivyo kufunga shule ilikuwa kuwarudisha wale wadogo nyumbani, na huko wangebaki.

Waithera alitumwa pamoja na Muturi, mwanaume wa Kitale ambaye ameifanya hiyo kazi mpaka mvi zimemtoka akiifanya. Muturi ni mtu wa mzaha. Hata kwa matanga atapata cha kuchekea.

Walifika asubuhi, umande bado uko kwa nyasi. Kitu cha kwanza Waithera aliona ni kengele. Haikuwa kengele ya kweli. Ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mti wa grevilia, na kando yake chuma cha kuigonga. Lakini ile ringi ilikuwa imevishwa gunia, ikazungushwa kamba vizuri kabisa, kama vile unafunga mguu wa ndama uliovunjika.

Mwalimu mkuu, mzee Wakhungu, alitoka ofisini mbio akaanza kuifungua.

"Samahani, madam. Ni upepo," akasema.

Muturi akaangalia kamba. "Upepo wa hapa unajua kufunga fundo?"

Wakhungu hakucheka. Alifungua pole pole, akakunja gunia, akaliweka kwapani. "Tunafungua jioni, asubuhi tunakuta imefungwa," akasema kwa sauti ya chini. "Niliweka mtu alinde. Hakuona mwizi. Sasa hakuna mwingine anataka kulinda."

Waithera anasema alilisikia lile darasa kabla ya kuliona. Ilikuwa kama mvua ndogo ikianguka kwa majani ya mahindi. Alitoa mkono nje ya baraza aone kama kunanyesha. Jua lilikuwa linawaka.

Mlangoni viatu vya watoto vilikuwa vimepangwa kwa mstari, vingine ni ndara zilizoshonwa kwa waya. Hakuna mtu alikuwa amewaambia wavue. Ndani watoto walikaa wima, vitabu mbele yao, midomo ikienda. Midomo yote ilikuwa inaenda, na kilichotoka ni pumzi tu. Dirisha la upande wa ua lilikuwa limezibwa kwa matambara. Mbele alisimama kijana anaitwa Levi, mwalimu ambaye wazazi walimwandika kwa sababu wa serikali wamekimbia. Alikuwa anatokwa na jasho asubuhi ile ya baridi.

"Niaje, mwalimu," Muturi akamwambia, ili kumpoza.

"Tunasukuma tu," Levi akajibu, na hata yeye alinong'ona.

Hiyo ilimshtua Waithera kuliko watoto. Mtu mzima amekaa mle mpaka amemezwa.

Wakaanza kupima. Meza iliwekwa kando ya lile dirisha, mtoto anakuja mmoja mmoja, anapewa karatasi yenye kihadithi kifupi cha kuku aliyetaga kichakani. Anatakiwa asome kwa sauti kwa dakika moja. Mtoto wa kwanza akashika karatasi, macho yakatembea kwenye mistari, midomo ikatembea, dakika ikaisha.

"Toa sauti, baba," Waithera akamwambia.

Mtoto akaangalia dirisha, kisha akaangalia chini.

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, Muturi alileta sikio lake karibu na mdomo. Baadaye alimwambia Waithera ilikuwa kama kuweka sikio kwa shimo la siafu. Kuna kitu kinatembea, lakini huwezi kukishika. Na sheria ya kazi yao ni kwamba kisichosikika hakina alama. Sifuri ikafuata sifuri. Wakhungu alikuwa amesimama mlangoni na lile gunia, anahesabu kwa uso wa Muturi.

Ndipo akaja msichana anaitwa Ivy, mwembamba, nywele zimekatwa chini kabisa. Yeye hakuangalia karatasi. Aliangalia Waithera kama mtu anayetaka kumwonya. Waithera akachuchumaa, uso kwa uso.

"Mama, mbona hamsomi kwa sauti?"

Ivy akageuza jicho kwa dirisha, akarudi, akamwekea mdomo sikioni.

"Mwarimu anarara."

Waithera akainua kichwa, akamwangalia Levi. Macho ya kijana yalikuwa mekundu kama pilipili. Akamwangalia Muturi, na Muturi alikuwa tayari anaandika, uso umefunguka. Mwishowe ugonjwa umepata jina.

Mapumziko yalipofika waliketi kwa chumba cha walimu na chai. Muturi hakungoja hata chai ipoe.

"Mwalimu Levi, ati unalala darasani?"

"Mimi?" Levi akaweka kikombe chini. "Nani anasema?"

"Watoto wako."

"Mzee, mimi tangu nikuje hapa sijalala hata kwangu! Ningedoze aje kwa ile darasa? Wewe ungeweza kudoze, watoto wote wakikunong'onezea mgongoni?"

"Lakini macho yako ni mekundu."

"Si ndio nakwambia! Ni ya kukosa usingizi, bana, si ya kupata."

Muturi akacheka mpaka akapaliwa. "Anarara! Hawa watu wa Bungoma na R yao."

"Na wewe juzi hapo hotelini?" Waithera akamwambia. "Si uliitisha wari na maharagwe?"

"Hiyo ni njaa, si R."

Kila mtu alicheka, hata Levi kidogo. Mtu mmoja hakucheka. Mzee Wakhungu alikuwa amesikia lile neno na rangi ikamtoka. Aliweka kikombe kwa meza kikalia, akainuka, akatoka nje bila kusema anaenda wapi. Waithera aliona. Akafikiri mzee amechukia kuchekwa lugha.

Maji ya shule yalikuwa yameisha, kwa hivyo walimwonyesha Waithera pengo kwenye ua, aende kunawa kwa jirani. Ua ulikuwa wa miiba ya kayaba, umeota mnene, na upande wa pili kulikuwa na boma safi na mama mmoja ameketi kwenye kiti cha mbao. Anaitwa Nelima. Alimwangalia mgeni kwa muda mrefu kabla ya kumkaribisha, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba yuko kweli.

"Nisamehe nikikuuliza kitu mara mbili, binti," akasema akimmiminia maji. "Kichwa changu kinachelewa. Mimi silali."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu hao wanyamaze." Akaonyesha kwa kidevu upande wa shule.

Hapo ndipo Waithera aliona kaburi. Lilikuwa la simiti, limebanwa kwa ua kabisa, na juu ya ua, karibu ya kuguswa na fimbo, lilikuwa lile dirisha lenye matambara. Hakuwa amejua alikuwa amewapima watoto karibu na kitu hicho.

"Ni Lenah wangu," Nelima akasema. "Hakuwa ameolewa. Wazee wakakataa azikwe katikati ya boma na ndugu zake, wakasema msichana wa nyumbani anakaa pembeni. Na pembeni yangu ndiyo pembeni ya shule."

Lenah alikuwa mwalimu wa hapo, wa darasa la kwanza. Aliugua kichwa kwa ghafla, akapelekwa mjini, akarudishwa kwa sanduku.

"Alikuwa anafundisha hapo dirishani," Nelima akaendelea. "Mchana nilikuwa naweka kiti hapa. Namsikia anasema mstari, watoto wanarudisha. Anasema, wanarudisha. Nalala hapa hapa kama mtoto wa kunyonya. Alipoenda, nikasema basi, mimi nitabaki na sauti ya watoto. Kumbe nao walinyamaza siku hiyo hiyo."

"Siku gani?"

"Ya mazishi. Wakhungu aliwaleta kwa mstari, wadogo hivi, walikuwa wa darasa la kwanza bado. Walilia mpaka mhubiri hasikiki. Akawainamia akawaambia, nyamazeni, mwarimu wenu anarara. Msimwamshe. Wakanyamaza, ndiyo hivyo. Mimi mwenyewe nilimshukuru."

Waithera anasema maji yalimwagikia viatu na hakusikia baridi. Watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati huo sasa wako la tatu, na chumba chao ni kile kile. Watu wa huku wakisema mtu analala, anaweza kuwa yuko kitandani, anaweza kuwa yuko udongoni. Mtu mzima anajua kutenganisha. Mtoto anashika neno zima zima, anakwenda nalo.

Alirudi kwa pengo la ua mbio. Akamkuta Wakhungu chini ya grevilia, gunia mikononi.

"Madam, hilo neno ni langu," mzee akasema kabla hajaulizwa. "Leo ndio nimelisikia likitoka kwa mtoto. Miaka miwili nimefukuza majini kwa maombi, nimeita wachungaji, kumbe jini ni mimi."

"Twende tuwaambie ukweli, basi. Leo, kabla hatujaondoka."

Wakaingia wote. Wakhungu alisimama mbele, akavua kofia.

"Watoto," akasema, na sauti yake ilisikika mle ndani kama kitu kisichoruhusiwa. Watoto wakajikunja. "Siku ile niliwaambia mwalimu Lenah analala. Nilitaka kusema alikufa. Mwalimu Lenah alikufa. Mnanielewa?"

Watoto walimwangalia kwa huruma, vile unaangalia mgonjwa anayerudia kitu. Ivy akainuka.

"Tunajua, mwarimu," akanong'ona. "Tuliona sanduku."

"Sasa kama mnajua, mbona hamsomi?"

"Mhubiri alisema waliokufa wanarara mpaka parapanda ilie. Wakisikia, wanaamka." Ivy akaonyesha dirisha, bila kunyoosha kidole, kwa kiganja, kama mtu anayeonyesha mkubwa. "Sasa akisikia sisi akafikiri ni parapanda? Ataamka. Na huko juu mmeweka simiti."

Levi, ambaye alikuwa ameegemea ukuta wa dirisha, alijiondoa pale taratibu.

"Kengele ni wewe unaifunga?" Waithera akauliza.

"Kengele ndiyo inalia kama parapanda," Ivy akasema. "Naifunga nikienda kuteka maji."

Basi ndiyo hivyo. Mlinzi alikuwa amewekwa kumtafuta jini, na mtoto mwenye mtungi alikuwa anampita kila alfajiri wanasalimiana.

Waithera aliniambia, shosho, tunafundishwa dawa nyingi. Mwalimu dhaifu tunakaa naye tunamwonyesha. Vitabu vikikosekana tunaviomba. Choo kikijaa tunaandika. Lakini nilisimama mbele ya wale watoto nikaona sina dawa. Walikuwa hawajakosa akili. Walikuwa wamekataa kumwamsha mtu waliyempenda akute giza na simiti. Ningewaambia nini? Kwamba mhubiri alidanganya?

Muturi alimvuta mpaka barazani.

"Tuandike sifuri twende, Waithera. Hii si ya ofisi. Hii ni ya kanisa."

"Tukiandika sifuri wanafungiwa."

"Ndiyo sheria."

"Watavuka ule mto?"

Muturi akaangalia viatu vilivyopangwa. "Hawatavuka," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. "Watabaki kwa mama zao, wakinong'ona hivyo hivyo mpaka wazeeke."

Kumbe mtu alikuwa amesikia yote. Dirisha limezibwa matambara, lakini matambara si ukuta. Nelima alikuja kupitia lile pengo la ua, miguu mitupu, kitambaa kimemtoka kichwani. Alimpita Muturi, akampita Wakhungu bila kumsalimia. Akaenda moja kwa moja kwa dirisha, akavuta matambara, moja, lingine, akayatupa chini. Mwanga ukaingia mpaka watoto wakafunga macho. Kisha akaketi kwa kiti cha mwalimu.

"Mnanijua?"

"Kukhu," wakanong'ona, kwa sababu ni nyanya wa kila mtu hapo.

"Huyo mnayemlinda ni mimi nilimzaa. Nani kati yenu anajua vile alikuwa analala?"

Watoto wakaangaliana.

"Mimi najua. Lenah tangu akiwa mdogo hakuwa anaweza kulala kukiwa kimya. Nilikuwa namlaza redio ikilia, babake anapasua kuni, ndugu zake wanapigana. Analala fofofo. Lakini nikizima redio, hata nifunge mlango kwa kidole kimoja, macho haya hapa. Kelele haikuwa inamsumbua. Kimya ndicho kilikuwa kinamwamsha."

Akawainamia.

"Sasa ninyi mmenyamaza tangu mlikuwa hivi mpaka mko hivi. Mnafikiri huko chini kumekuwaje? Mimi naketi hapo nje. Namsikia akigeuka."

Waithera anasema nywele za mikono zilimsimama. Hata aliponieleza, jua la saa tisa likitupiga kwa mgongo, nilimwona anajisugua mikono.

"Anageuka?" mtu akauliza.

Ilikuwa sauti. Ya kukwaruza, kama mlango wa ghala lisilofunguliwa, lakini ni sauti. Watoto wote waligeuka kumwangalia Ivy, naye akashika mdomo.

"Anageuka," Nelima akasema. "Anataka kujua mmekwenda wapi. Msomeeni alale."

Ivy akachukua karatasi kutoka kwa meza. "Ku-ku," akasema. Akangoja, akasikiza dirishani. Hakuna kitu kilitokea. "Kuku wa baba... kuku wa baba a-li-ku-wa..." Mwingine akadaka nyuma yake. Kisha mwingine. Kisha darasa lote, kwa ile sauti ya kukwaruza, wakipotea, wakipatana, wakipotea tena.

Lakini kuna kitu Waithera alisikia, na anasema hatakisahau. Kabla ya kila mstari waliacha nafasi. Nafasi ya kutosha mtu mmoja kusoma mstari mzima. Halafu wakarudisha. Wakaacha nafasi, wakarudisha. Walikuwa wamefundishwa hivyo wakiwa wadogo, mwalimu kwanza, watoto baadaye. Na katika hiyo nafasi hakuna mtu alikuwa anasoma, lakini wote waliingia mstari unaofuata pamoja, bila kupishana, kama wameusikia.

Walipima tena mpaka mchana. Sitawadanganya, haikuwa muujiza. Watoto wengi hawakuweza kupita mistari ya kwanza. Miaka miwili ya kunong'ona hakuna aliyewasahihisha, na maneno yalikuwa yameoza midomoni. Wengine walikuwa wanasoma vitu ambavyo haviko hata kwa karatasi. Ivy mwenyewe alikwama kwa neno "kichakani", akapiga mbio akalipita kando.

"Ni chini sana," Muturi akasema akijumlisha.

"Chini si kimya," Waithera akamjibu. "Andika chini."

"Watauliza ilikuwaje ghafla wasome."

"Andika waliogopa, na sasa wamesoma. Andika wanahitaji mwalimu ambaye hatakimbia, na Levi aonyeshwe kazi, na mimi nitarudi kila mwezi kukaa naye humo ndani."

"Humo ndani?" Muturi akaangalia dirisha lililo wazi, na lile kaburi nje. "Wewe wa Endebess, una roho."

Lakini aliandika. Levi, akiwa karibu na ubao, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi mimi nabaki," kisha akashangaa kujisikia. Mzee Wakhungu alitoka akaenda kwa mti, akachukua chuma, akaigonga ile ringi bila gunia. Watoto walisimama wote pamoja, wakangoja, nyuso kwa dirisha. Mlio ukaenda mpaka mashamba ya mahindi, ukaisha. Simiti ilikuwa mahali pake. Wakaketi, wakaanza kusoma tena bila kuambiwa.

Gari la ofisi lilikuwa linanguruma barabarani, Muturi yuko ndani, lakini Waithera alitaka kuaga. Akapita kwa pengo la ua. Nelima alikuwa amerudi kwa kiti chake, amekisogeza karibu na kaburi, mkono wake mmoja uko juu ya simiti iliyoota joto la mchana.

"Mama, asante," Waithera akasema. "Ni kweli alikuwa analala na redio?"

Nelima hakumwangalia. "Lenah? Huyo alikuwa anaamshwa hata na panya akipita darini. Ni mimi siwezi kulala kwa kimya."

Juu ya vichwa vyao, dirishani, watoto walikuwa wamefika mwisho wa hadithi na wanaanza upya, kwa nguvu sasa, ile kelele ya darasa ambayo inasikika mpaka barabarani.

"Lakini, mama... na hii kelele yote?"

"Basi aamke," Nelima akasema. "Si mimi mamake niko hapa?"

Watoto wakanyamaza, wakaacha ile nafasi yao. Nelima akaegemeza kichwa kwa mgongo wa kiti, kiganja kikiwa pale pale juu ya simiti, midomo yake ikienda kidogo. Waithera hakuthubutu kusogea. Kisha watoto wakarudisha mstari, wote kwa pamoja, na kabla hawajaumaliza yule mama alikuwa amelala.